Vitz Yangu na Mbuzi wa Ntheo

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kyuso.

Bima ya Vitz yangu inaisha Jumatano ya wiki ijayo. Jumamosi yake tunapeleka mbuzi wa ntheo kule Tseikuru, nyumbani kwa msichana ambaye kaka yangu Muthama anataka kumwoa. Mbuzi watatu wakikubaliwa, amepata mke. Wasipofika, wazee wa huko watasema sisi si watu wa maana. Na mimi jana, mbele ya ukoo mzima, nilisimama nikatangaza kwamba mbuzi hao watapanda gari langu na si lingine. Kathini, binti ya mjomba, mwenye Probox, akauliza kwa upole kama kuku wanaolala juu yake watashushwa kwanza. Watu wakacheka. Muthama pia.

Nimeenda kwa Mulwa, ajenti wa bima hapa sokoni. Nikataka bima kamili. Akataja bei. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema dada, kwa gari la umri huo chukua ya mtu wa tatu, ni nafuu, hata Kathini anayo. Nikamjulisha kwamba nina shahada ya takwimu na nimesoma masharti yake mpaka mwisho. Nikigonga mtu, analipwa yeye. Mimi nabaki mtaroni na shahada yangu. Yaani nilipe ili wengine wafarijiwe? Sitaki.

Lakini alidondosha neno. Bei ya bima kamili hufuata thamani ya gari, na thamani hupangwa na mkadiriaji, ambaye atakuja Ijumaa kutoka Kitui mjini. Thamani ikishuka, bei inashuka. Mulwa hajui alichonipa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepaka gari matope kwa maji ya kufulia, maana haya si majira ya kuchezea maji safi. Nimeng'oa vifuniko vya magurudumu. Nimeacha mlango wazi ili kuku walale kwenye viti. Nimelitazama gari langu, nikalia kidogo, kisha nikaongeza matope.

Nimemwambia Mama kesho kuna mgeni anatoka mjini kuja kuangalia gari. Akauliza kama ni mwanamume. Ndiyo. Kijana? Sijui. Hapo nikanyamaza. Mbinu haielezwi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda sokoni kununua sukari. Sukari tu.

Niliporudi, Mama alikuwa ameita mwethya. Wale wanawake ambao mtu akiwa na kazi kubwa shambani huja wote, bila malipo, walikuwa wamelizunguka gari langu wakiimba. Limeoshwa kwa maji ya tangi. Vifuniko vimerudishwa. Viti vimevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vya Wayua mwenyewe, mwenyekiti wao, ambavyo havijatoka kabatini tangu mchungaji alipomtembelea. Nikauliza nani amewatuma. Mama akasema: mwanamume anatoka Kitui mpaka Kyuso kuangalia gari la msichana, Nzilani, unafikiri sijui anaangalia nini?

Mkadiriaji anaitwa Githaiga. Kijana, mpole, kalamu nyuma ya sikio. Alipiga picha pande zote. Wayua akamuuliza anasali kanisa gani, kisha akamwambia anayeoa dereva ameoa na nauli. Akachinjiwa kuku. Ni yule yule aliyelala kwenye kiti cha dereva jana. Kazi yake ilikuwa kushusha thamani.

Githaiga akaandika: hali nzuri sana.

Jumatatu, 10 Machi

Bei imepanda. Mulwa amenipongeza.

Nimedai gari likadiriwe upya kwa kuwa lilioshwa bila idhini yangu. Mulwa akasema amesikia malalamiko ya kila aina katika kazi hii, lakini mwenye gari kulalamika kwamba gari lake limesifiwa, hapana. Akanikumbusha mtu wa tatu. Nikamkumbusha shahada yangu.

Githaiga anarudi keshokutwa. Mama aliposikia ni mara ya pili, aliimba jikoni mpaka uji ukaungua.

Jumatano, 12 Machi

Leo sikununua sukari. Nililinda gari tangu alfajiri. Nikafunga bampa kwa kamba ya katani. Nikachomoa waya mmoja.

Githaiga akaomba niwashe. Halikuwaka, kama nilivyopanga. Akaandika kwamba halifai bima kamili hata kidogo. Sikuwa nimepanga hilo. Alinipa habari kwa huzuni, kama daktari. Akasema hajawahi kuona gari likizeeka hivyo ndani ya wiki. Nikamwambia ni ukame. Akacheka. Ana meno mazuri. Hilo halihusiani.

Alipoondoka niligundua sikumbuki waya niliuchomoa wapi. Na bima imeisha leo.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi Kasyoki ameliwasha. Amekataa kunionyesha waya. Anasema nitarudia.

Nimechukua bima ya mtu wa tatu. Si kushindwa, ni kujipanga. Mulwa aliitoa kwenye simu huku akila chapati, na ikawa tayari kabla chapati haijaisha. Aliuliza kama nabeba mizigo ya biashara. Hapana. Mbuzi wa ntheo si biashara. Ni ukwe.

Jumamosi, 15 Machi. Tseikuru.

Mama mbele. Muthama nyuma na mbuzi watatu, mmoja amemkalia. Polisi alitusimamisha, akakuta bima iko sawa, akauliza kama abiria wote wamefunga mikanda.

Tukafika. Kathini alikuwa ametutangulia, bila shaka. Wazee walikuwa wamesimama langoni wakitutazama. Nikaona niegeshe kinyumenyume, kwa mkono mmoja, wajue ni ukoo wa aina gani.

Probox ya Kathini ilikuwa nyuma yangu. Ilikuwa imesimama. Wazee wote wameshuhudia kwamba ilikuwa imesimama.

Mbuzi walishuka wazima na wamekubaliwa. Muthama ana mke. Nami nina taa mbili zilizovunjika ambazo hakuna wa kulipia. Bampa ya Kathini, taa yake, na mkwaruzo ambao naapa ulikuwepo tangu Krismasi, vyote vinalipwa na bima yangu. Mtu wa tatu ndiye huyu. Alinishika mikono yote miwili, akasema asante sana dada, hata rangi ilikuwa imeanza kuchakaa.

Jumapili, 16 Machi

Nimefikiri mahubiri yote. Kosa halikuwa mbinu. Mbinu ni safi. Kosa lilikuwa gari: nilikuwa nashusha thamani ya gari lisilofaa.

Kesho Githaiga anakuja kukadiria hasara ya Probox. Kathini ameiacha uani kwetu ili aone magari yote mawili pamoja. Ikionekana ilikuwa mbovu tangu zamani, atalipwa kidogo. Nimekwisha kuweka ndoo mbili za maji ya kufulia, na kuku wako tayari.

Mama ameuliza mgeni anafika saa ngapi. Saa nne. Akauliza kama ni yule yule. Ndiye. Ametoka mbio kwenda kwa Wayua, sijui wana nini wale.

Sijamweleza lolote. Mbinu haielezwi.