Hakuna Skrubu Bila Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Meneja katukusanya wote wa ofisini kumsikiliza muuzaji wa programu. Suti inang'aa, viatu vimechongoka. Kasema sisi watengeneza feni tuko nyuma ya dunia. Programu yake itaifuata feni tangu inapozaliwa kwenye mchoro hadi inapozikwa kwenye chuma chakavu, na kila badiliko litaombewa idhini humo humo. Michoro itahamia kwenye wingu la mtandaoni. Tena kila feni itapata pacha wake anayeishi ndani ya kompyuta! Meneja akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Hakuelewa. Mimi pia sikuelewa, ila nilitikisa kwa ustadi zaidi.

La maana lilikuja mwisho. Anatafutwa Msimamizi wa Mfumo. Atapewa chumba chenye mlango na kiyoyozi! Mimi ni karani wa michoro, na meza yangu imebanana na choo. Mambo ninayoyasikia hapo siwezi kuyaandika hata humu. Chumba kile ni changu. Wiki mbili za majaribio, kisha Meneja atateua.

Kizuizi ni Shemeji. Mdogo wake mke wangu, injinia wetu. Nani alimwombea kazi hapa? Mimi! Shukrani ya punda ni mateke.

Jumanne, 4 Machi

Tunahamisha michoro ya zamani. Skrubu moja ina mafaili chungu nzima. "Skrubu mpya." "Skrubu mpya ya mwisho." "Ya mwisho kabisa." "Usitumie hii." Inayotumika kiwandani ni hiyo ya usitumie.

Shemeji kasema tusafishe kwanza, maana uchafu ukiingia kwenye mfumo unabaki uchafu, ila unakuwa uchafu wa ghali. Kaongeza kuwa haraka haraka haina baraka. Methali ya wavivu! Nimepakia zote kwa mkupuo, nikamwambia Meneja nimemaliza. Kanipa mkono mbele za watu. Shemeji bado kainamia kabati, vumbi hadi kwenye nyusi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Kumbe katika majaribio yeyote kati yetu anaweza kupanga njia ya idhini: ombi lianzie kwa nani, lipite kwa nani. Nimejiweka katika kila njia. Mchoro, rangi, boksi, waya, vyote lazima vipite kwangu. Hakuna aliyegundua.

Kabla ya saa ya kutoka, fundi mkuu wa karakana alikuja mezani kwangu, kofia mkononi, kuombea skrubu yake. Yule yule asiyeitikia salamu yangu! Nikamwambia nitaliangalia ombi lake. Sikuliangalia. Raha iliyoje!

Nyumbani nikamweleza mke wangu kwamba kiwanda kizima kinanisubiri mimi. Akauliza kama hilo ni jambo zuri. Damu nzito kuliko maji, namjua huyu.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Maombi yanamiminika. Watu hawa hawana kazi nyingine? Mmoja anataka kibandiko kisogezwe kidogo kushoto. Mwingine anataka kirudishwe kulia. Simu inalia hata nikiwa naoga.

Mchana mashine zikasimama, zikisubiri idhini ya rangi ya waya. Meneja kaja kafura, anauliza nani kakwamisha. Nikajibu ni mfumo, bosi, mfumo unafikiri. Akaitazama kompyuta kwa heshima.

Jumatatu, 10 Machi

Mimi kichwa jamani! Ndani ya programu kuna akili bandia, na akili hiyo ina kitufe: kubali yote kwa niaba yangu. Nimebofya. Mashine zinanguruma. Meneja kasema hajawahi kuona karani mwepesi kama mimi.

Shemeji kapita, kwa ule upole wake wa kuudhi, akauliza kama huwa nasoma ninayoyaidhinisha. Nikamjibu mwenye macho haambiwi tazama. Kaondoka akiwaza. Wivu unamtafuna, maskini.

Jumatano, 12 Machi

Nimekipima chumba. Nimenunua pazia. Mchora mabango kanichorea kibao cha mlangoni: MSIMAMIZI WA MFUMO, herufi za dhahabu, kivuli chini. Mke wangu kasema nisikate mbeleko na mtoto hajazaliwa. Nimempigia mama mkwe nikamfahamisha kwamba mimi sasa ni bosi wa mwanawe. Akauliza hali za wajukuu.

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kikao. Kibao ndani ya mkoba. Meneja kawasha skrini ukutani, akasoma ombi la Shemeji la juzi: kuondoa, kuanzia Jumatatu, hatua isiyoongeza chochote katika njia za idhini. Hatua yenyewe ni mimi. Aliyeidhinisha ni mimi! Ombi la pili, la Meneja mwenyewe: Injinia awe Msimamizi wa Mfumo. Aliyeidhinisha, mimi. La tatu: karani wa michoro ahamie banda la chuma chakavu. Mimi tena, papo hapo, bila hata kuuliza kama banda lina feni.

Nikafungua mdomo. Meneja akaniwahi. Akanishukuru kwa uungwana wangu, akasema ni wanaume wachache wanaompisha shemeji yao kwa moyo mkunjufu hivyo. Wote wakapiga makofi. Shemeji kanikumbatia, macho yamelowa! Nikamkumbatia. Imeniuma, imeniuma kweli kweli.

Nyumbani mke wangu kampikia mdogo wake karamu. Nimekula kwa hasira, sahani mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Bandani. Feni mbovu hadi darini. Wakadhani wamenimaliza, wajinga hawa! Hawakujua wamenikabidhi nini. Maisha yote ya bidhaa yanaishia wapi? Hapa! Hakitupwi kitu kiwandani bila idhini yangu. Hata kompyuta ya Shemeji siku moja itapita mikononi mwangu. Nimepigilia kibao changu mlangoni, nikaketi kwenye kiti, miguu juu ya meza.

Maombi ya kutupa vitu vibovu yalikuwa mengi mno kusoma. Nimebofya kile kitufe.

Baada ya chakula cha mchana wamekuja wapagazi wawili na mkokoteni. Wakasema kwa adabu kwamba wametumwa kuchukua meza moja kuukuu na kiti chake. Nikawafokea, nikataka kujua nani karuhusu. Wakanionyesha kwenye simu: mimi.

Naandika haya nimesimama. Ni Shemeji huyo. Nani mwingine?