Kinyozi Asiyeinama

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini! Kiti changu cha dirishani kakikalia Sukari. Huyu ni kinyozi mwenzangu, maneno matamu mpaka wateja wanasinzia. Kanikumbatia taratibu kama mimi trei ya mayai. Mnafiki!

Bosi kasema ana wiki moja ya kuniangalia. Nikiweza kunyoa kutwa nzima, kiti changu. Nikishindwa, cha Sukari. Kauliza shingo imepona kweli? Nikamjibu imepona hadi imepitiliza. Nikacheka. Kicheko kikaniuma mpaka kisiginoni.

Ukweli nauandika hapa tu. Huu mwaka wa pili tangu niporomoke kutoka paa la saluni hii hii, nikifunga bango. (Bango la jirani lilikuwa kubwa kuliko letu. Ningefanyaje?) Wakanipasua shingo, wakatia vyuma na skrubu. Kila nikirudi hospitali daktari anasema picha safi, kila kitu kimekaa mahali pake. Haya, basi picha ndiyo ije kunyoa! Mimi shingo inawaka, mgongo umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, na kuinama siwezi. Kinyozi asiyeinama!

Daktari alishauri niseme kazini, nifanye kazi nimekaa, nipumzike mara kwa mara. Huyo hamjui Sukari.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni mali. Kama mimi siinami, mteja apande! Nimepandisha kiti juu ya kreti za soda. Wa kwanza alifurahi, kasema anaona mpaka ng'ambo ya barabara. Kisha akaja mwalimu mkuu, mwili jumba. Kreti ikalia kwaa! Mwalimu akaenda chini na kiti chake, polepole, kama mti uliokatwa, na mashine yangu ikampitia katikati ya kichwa. Barabara ya lami!

Akaniuliza, kijana, una wazimu au ndiyo unausomea? Sukari akaruka, akamnyoa upara wote, akamsifu kuwa ana fuvu la kiungwana. Mzee akatoka anajishika kichwa kwa fahari. Mchawi yule!

Nyumbani Dada kaniuliza mbona natembea kama nimemeza mwiko. Nikamwambia ndiyo mwendo wa watu wazima.

Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuandika. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, kalamu haikai. Leo mashine imenidondoka mbele ya Bosi. Nikasema naijaribu kama ni imara. Bosi akanitazama, akatazama mashine, akanitazama tena. Sukari akaniokotea bila neno. Mtu asiyesema kitu, anapanga kitu.

Nilikwenda chooni nikalia kidogo. Nikafungulia bomba ili yasikike maji tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mkubwa! Hospitalini waliwahi kunivuta shingo kwa mkanda, maumivu yakalegea. Basi kichwa kikishikwa kutoka juu, mwili unaweza kusogea mbele. Nikaomba ruhusa ya kutwa. Nikapitisha shuka kwenye boriti ya chumbani, nikapanda stuli, nikaweka kidevu ili nipime urefu. Hapo hapo Dada akaingia na beseni la nguo.

Sijawahi kusikia yowe kama lile. Beseni likaruka. Kaning'ang'ania miguu, ananiinua huku analia, mdogo wangu usiniache, mama aliniachia wewe tu! Majirani wakajaa mlangoni. Nataka kueleza, kidevu kimebanwa, natoa mm-mm tu. Jirani mmoja akasema, mnaona, anaaga.

Waliponishusha nikasema ni mambo ya kazi. Dada akanizaba kofi. Halafu akakumbuka shingo, akaishika kwa mikono miwili, kama anayeomba kofi lake arudishiwe. Akauliza inauma kiasi gani. Nilitaka kusema haiumi. Mdomo ukasema inauma kila siku, Dada, tangu siku ile.

Akakaa sakafuni, kwenye maji ya nguo. Muda wote huu alijua nimepona. Nani alimwambia? Mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kanizuia kwenda kazini, akaenda yeye kumweleza Bosi. Kaficha shuka, mikanda, hata kamba za viatu. Suruali naishika kwa mkono.

Jioni wakaja Bosi na Sukari, wamebeba stuli ndefu yenye magurudumu. Bosi akasema kiti cha dirishani ni changu. Nitanyoa ndevu tu: mteja kaegemea nyuma, mimi nimekaa, nikizidiwa nikajinyooshe chumba cha nyuma. Vichwa vyote Sukari. Na wazo lenyewe la Sukari. Yeye akainamisha macho, akasema, kaka, ungesema tu, kile kiti mimi nilikuwa nakutunzia.

Akaona nashika suruali, akavua mkanda wake akanipa. Dada akaupokonya.

Bosi akaniuliza, tumeelewana? Nikashukuru kama mtu aliyelelewa. Dada akalia tena, safari hii anatabasamu.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala chali sakafuni, ndipo pekee panaponipokea. Nimefikiri sana. Ndevu! Leo ndevu, kesho nafagia nywele. Anayeniua kwa utamu ni Sukari! Na magurudumu yale ya nini? Anataka niteleze mpaka nje.

Halafu nimegundua kosa la Ijumaa. Sikukosea kamba, nilikosea mtu! Asiyeinama ni mimi, sasa mimi nining'inie kwa nini? Aning'inie mteja! Kiti kifungwe kamba kila pembe, kapi juu kwenye paa la saluni, navuta, mteja anapaa mpaka machoni pangu. Hakuna kreti, hakuna kuinama. Mwalimu mkuu atakuja mwenyewe kuomba radhi.

Dada kapita sasa hivi, kauliza leo inaumaje. Nimemwambia imepoa kabisa.

Boriti ya lile paa naijua vizuri. Ndiyo niliyojaribu kuishika wakati nateleza.

Ngazi nimeshaazima.