Dirisha, Birika na Geji

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu Chiriku,

Hatari! Kaka yako analitaka dirisha langu hapa karakanani. Ati mashine yake ya kuchongea inahitaji mwanga. Mimi je? Dirishani ndipo ninapoliona geti ulilokuwa ukiingilia na chakula changu, ukimgombeza mlinzi kwa uvivu. Tangu tukuzike, sina pengine pa kukutazamia. Bosi kaamua: viungio vya jeki alivyochonga shemeji vikipita vyote ukaguzi wa Alhamisi, dirisha ni lake.

Na mkaguzi ni nani? Mimi! Nimeenda kucheka chooni.

Jumanne, 5 Machi

Nimevijaribu. Unaikumbuka geji yangu: kichwa kimoja lazima kiingie kwenye hesi za tundu, ile mikato ya skrubu, cha pili lazima kigome. Cha pili kikiingia, hesi zimelegea, mafuta yatavuja, jeki itaangusha gari. Kwa shemeji cha kwanza kinaingia kama mguu kwenye soksi. Cha pili kinagoma. Vyote! Mtu anayevaa shati kinyume anachongaje hivi?

Kapita akiuliza kama nimeshafungasha. Nikamwambia asikate kanzu na mwana hajazaliwa. Akasema mwana kazaliwa, anatambaa, na anataka dirisha.

Alhamisi, 7 Machi

Akili ni nywele, na leo nimezichana zangu. Chuma kikipata moto hutanuka, na tundu lake pia. Basi nikachemsha kiungio kimoja ndani ya birika lako. Kile kichwa kigomvi kikaingia! Nikapiga kelele kwamba kimelegea, nikakimbia kumwita bosi.

Bosi alikuwa kwenye simu. Nikasubiri. Kiungio kikapoa. Kikapoa na geji ndani.

Bosi akavuta. Wapi! Akakanyaga meza, akavuta tena. Akauliza kiungio kilicholegea kinang'ang'aniaje hivi. Nikasema labda kina aibu. Akauliza mbona kinanuka tangawizi.

Ijumaa, 8 Machi

Dirisha limekwenda. Na geji ni hiyo hiyo moja karakana nzima. Wa kuikomboa? Kaka yako! Alikipasua kiungio polepole, pale pale dirishani, geji isipate hata mkwaruzo. Akaniita mpishi wa chuma. Akauliza kama nilionja chumvi. Karakana nzima ikashika mbavu.

Kisha akavuta kiti changu, akakiweka ubavuni mwa mashine yake. Akasema nisidhani nilikuwa nikilitazama geti peke yangu. Dada yake alikuwa akimletea na yeye.

Nikaketi. Tukatazama. Mlinzi alipiga miayo tu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: moto!

Mashine ya shemeji inaziba kona ya geti, pale ulipokuwa ukisimama kufuta viatu. Jumatatu nitakagua kazi yake mpya. Chuma kikipata baridi husinyaa, na kichwa cha kwanza kitagoma. Jirani ana friji. Barafu nimeshaiagiza.

Usicheke, Chiriku. Au cheka, lakini unikumbuke.