Kuhusu Beki Kisiki na Milingoti Niliyoichonga kwa Mkono Wangu

Karakana ya Useremala,
Mafinga.
Julai, 1975.

Ndugu Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Ualimu Mkilima.

YAH: ULINZI WA TIMU YA CHUO, AMBAO HAUPO

Nakusalimu sana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na walimu wenzako, wanachuo wote, na ng'ombe wa chuo ambao juzi niliwakuta ndani ya shamba langu la viazi. La ng'ombe nimesamehe. Linalonifanya nishike kalamu ni zito zaidi.

Kama umenisahau, mimi ndiye seremala aliyechonga milingoti ya magoli ya uwanja wenu. Nilichagua msonobari wa Sao Hill usio na fundo hata moja, nikaupiga randa mpaka ukang'aa, na sikutaka malipo kwa sababu naipenda timu ile. Sasa najuta. Wageni wetu wameiona milingoti ile kwa karibu mno. Nahodha wa chuo cha wenzetu wa Mbeya alinifuata baada ya mchezo kunipongeza kwamba kazi ni nzuri, hasa upande wa ndani. Nilimshukuru. Ungesema nini, Ndugu?

Nakipongeza pia chuo chako kwa kufundisha ukarimu. Timu nyingine huwapa wageni chai na maandazi baada ya mchezo. Nyinyi mnaanza kuwakaribisha dakika ya tatu. Kwa heshima zote, naomba kueleza malalamiko yangu kwa mpango, nisije nikaonekana mtu wa kelele.

1. Golikipa. Kijana Alinanuswe, ambaye nimeambiwa ametoka Tukuyu na anaimba vizuri sana kwaya, hana ubaya na mtu. Hapo ndipo shida ilipo. Mpira ukija yeye huutazama ukipita, kisha huutoa wavuni taratibu, anaufuta matope kwa fulana yake na kumkabidhi mfungaji. Jumamosi moja nilimsikia akimwambia mshambuliaji wa wageni, "Pole na safari." Mshambuliaji yule alikuwa ametoka kutufunga la nne. Kama ni pole, sisi tuliokuwa tunapigwa na baridi pembeni tulistahili kupewa kwanza.

2. Beki wa kushoto, Yotamu. Huyu ualimu umemwingia mapema. Hakabi mtu, anaelekeza. Winga akimpita, yeye hubaki amenyoosha kidole kuonyesha mahali ambapo mwenzake alipaswa kusimama. Goli likiingia hunyanyua mkono kumwomba refa aseme ni ofsaidi, na hubaki ameunyanyua hivyo hivyo mpaka mpira urudishwe katikati, kama mwanafunzi aliyebanwa na haja.

3. Sasa naomba ukae vizuri, maana huyu wa tatu ndiye aliyenikosesha usingizi. Namzungumzia beki wa kulia, yule mrefu mweusi tunayemwita Kisiki. Jina lake jingine silijui, wala uwanjani hakuna anayelijua. Jina la Kisiki tulimpa wenyewe mwaka jana, kwa sababu kila aliyejaribu kumpita alijikwaa. Nilikuwa nasimama pale kwenye kona, na koti langu na kigoda changu, nikimwangalia na kusema moyoni kwamba kijana huyu kama angekuwa mti ningemchonga mlango wa kanisa.

Mwaka huu, tangu baada ya Pasaka, Kisiki ameng'oka. Winga akija upande wangu, Kisiki huinamisha macho chini, huacha njia, huzunguka mbali kama mtu aliyeona nyuki, na kufika wakati watu wameshamaliza kushangilia. Nilidhani pengine amekufa moyo, anahitaji kutiwa nguvu. Kwa hiyo nikabeba kigoda changu nikahamia nyuma ya goli letu ili awe ananisikia vizuri. Ndugu Mkuu, kijana alitoka kabisa katika eneo la hatari! Alikwenda kukaba kule kwenye goli la wageni, ambako hakukuwa na mtu wa kukaba. Kipindi cha pili timu zikabadilishana upande, nami nikahama na kigoda changu kuifuata ngome yetu, kama mpenzi wa kweli anavyopaswa kufanya. Naye akahama. Siku ile tulifungwa sita.

Kuna jambo jingine. Walipokuja wa Iringa mjini, mpira ulitoka nje ukaviringika mpaka miguuni pangu, na wa kuurusha alikuwa yeye. Hakuja kuuchukua. Alisimama mbali, amepiga magoti nusu, mikono yote miwili mbele, anasubiri nimpe, kana kwamba nagawa sadaka. Nikamrushia. Akaupokea, akainama, akanishukuru, kisha akaurusha moja kwa moja kwa adui. Uvumilivu ukanishinda, nikapiga kelele, "Kisiki! Kaba mtu!" Unajua alichojibu? Alisema, "Ndiyo, baba." Halafu akasimama palepale anatazama nyasi, huku mtu aliyepaswa kukabwa akienda zake kufunga.

Nilikwenda kumwuliza Mwalimu Ambrosi anayewafundisha mpira. Akaniapia kwamba jioni za mazoezi Kisiki ni ukuta, hapiti hata panya. Mimi jioni hizo huwa karakanani, kwa hiyo sikuweza kuthibitisha. Tena, waliposafiri kwenda kurudiana na wale wa Mbeya, safari ambayo niliikosa kwa sababu lori la mbao nililokuwa nilipande liliharibika Makambako, hatukufungwa hata goli moja, na wote waliorudi walimsifu Kisiki mpaka wakakauka koo. Nimeyatafakari haya kwa makini na nimepata jibu: hewa ya Mbeya inamfaa, hewa ya Mafinga inamdhuru. Kwa hiyo naomba mechi zetu zote za nyumbani zichezewe Mbeya.

4. Unaweza kusema huu ni mpira tu, nami niende nikapige randa mbao zangu. Basi sikiliza madhara yake. Nina binti mmoja, Apolonia, aliyemaliza darasa la kumi na mbili, mwenye adabu, ambaye hajawahi kunipa shida. Jumapili ile baada ya yale mabao sita, alikuja kwangu mshenga, Mzee Magesa, mtu wa heshima anayenunua na kuuza ng'ombe kule Usangu. Alileta posa kwa niaba ya familia moja ya Wasukuma waliohamia bondeni na mifugo yao. Alisema kijana wao anasoma. Sikuuliza anasoma wapi wala anaitwa nani, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa mabao. Kwa mila zetu na zao kijana mwenyewe hakutakiwa kunitokea mbele, na kwa kweli sikuwa na hamu ya kumwona mtu yeyote.

Nilimwambia Mzee Magesa maneno ambayo nayarudia hapa ili ujue uzito wake. Nilisema: katika nyumba hii hakuna posa itakayojibiwa mpaka Mkilima wamalize mchezo mmoja wa nyumbani bila kufungwa. Mzee wa watu aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mzee Chengula, ungetaja ng'ombe tu. Ng'ombe zinapatikana." Binti yangu aliacha ugali jikoni ukaungua, akaenda kulia nyuma ya rundo la mbao, na tangu siku ile hanisemeshi ila kwa lazima. Mama yake naye amekuwa wa kuniwekea chakula na kuondoka. Mzazi gani anapenda kumwona mwanawe anakonda? Lakini nimeshatamka mbele ya mshenga, na mwanamume hawezi kuyala maneno yake. Hivyo ndivyo mabeki wako walivyoishika nyumba yangu, Ndugu Mkuu. Jumamosi hii mnacheza mchezo wa mwisho hapa nyumbani. Wakifungwa, tutangoja mpaka mwakani, na sijui kama huyo kijana wa Usangu atangoja, wala kama Apolonia atanisamehe.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumamosi.

Kwanza, niruhusiwe kuja na msumeno nikayapunguze magoli. Nitapunguza lile la upande wetu tu, na mapumziko nitahamia upande wa pili. Kazi hii nitaifanya bure kama ile ya kwanza.

Ikishindikana, nitatengeneza ukuta wa mbao wa kusimamishwa mbele ya golikipa. Nimesoma sheria za mpira alizonazo Mwalimu Ambrosi, na sikuona mahali panapokataza ubao kucheza, mradi umevaa jezi.

Ikishindikana hiyo pia, ipandwe misonobari katika eneo la hatari. Najua inachukua miaka kukua. Lakini msonobari ukishasimama haumpishi mtu njia.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, Kisiki aondolewe katika timu, na ikiwezekana aondolewe chuoni kabisa. Usidhani ni hasira. Nafikiria Taifa. Mtu anayemkimbia winga mmoja ataweza vipi kusimama mbele ya darasa la tatu lenye watoto sabini? Tunaambiwa kilimo ni cha kufa na kupona, na ulinzi wa goli nao ni hivyo hivyo. Asiyekuwa tayari arudi kwao akachunge, kama kwao kuna cha kuchunga.

Nikikosa jibu, nitapeleka nakala ya barua hii kwa Katibu wa Tawi, na akinyamaza nitaipeleka Mkoani, na ikibidi nitaing'oa milingoti yangu nirudi nayo nyumbani nikatengenezee kitanda.

Nisalimie walimu wote, hasa Mwalimu Ambrosi, na umwambie ile filimbi yake ikikwama tena ailete karakanani. Nisalimie mpishi wa chuo na yule mama wa duka la ushirika. Msalimie Alinanuswe, na umwambie kwaya ya Jumapili ilinigusa. Wasalimie hata wale ng'ombe.

Wako katika kulijenga Taifa na kulilinda goli,

Liberatus Chengula,
Fundi Seremala na Mpenzi wa Timu.

N.B. Ndugu Mkuu, usichukue hatua yoyote bado. Soma hapa kwanza.

Kabla sijaibandika barua hii niliisoma kwa sauti hapa nyumbani, ili Mama Apolonia asikie jinsi mumewe anavyojua kuandika. Namba moja alitabasamu. Namba mbili alitabasamu. Nilipofika namba tatu, mahali pa kupokea mpira kwa mikono miwili, aliweka ungo chini, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Apolonia alitoka mbio nje, amejifunika uso kwa kanga. Nikauliza kuna nini. Mama Apolonia alifuta machozi, akaniambia kwamba Kisiki ana jina alilopewa na baba yake, nalo ni Seni Ng'washi, kwao ni Usangu, na tangu Pasaka yeye na Apolonia wameshaelewana.

 Yeye akaendelea, "Baba Apolonia, ulitaka mtoto wa watu asimame mbele ya mkwewe, atoe macho, arushe mateke, na posa yenyewe haijajibiwa? Kila anapokwenda kusimama, wewe hapo na kigoda chako!" Hata alipojibu "Ndiyo, baba," nami nikadhani ananidhihaki, kumbe alimaanisha.

Niliketi juu ya ubao, nikaona aibu ambayo sijaiona tangu ujana wangu. Maana mimi mwenyewe, nilipokuwa nimeposa kule Kalenga, nilimwona baba yake Mama Apolonia anakuja njiani, nikaacha njia na kuingia mfereji wa maji hadi kiunoni, na nguo zangu za kanisani. Nilikaa humo mpaka alipopita. Hakuna aliyesema mimi ni beki mbovu. Mzee yule alisema nimelelewa.

Ningeiandika upya barua hii, lakini karatasi dukani hakuna, na hizi niliazima kwa katekista. Kwa hiyo naomba ufute namba tatu yote, ufute namba nne, na ufute maombi yangu, pamoja na lile la chuoni na lile la kuchunga. Namba moja na namba mbili ziache, maana Alinanuswe na Yotamu hawajaposa kwangu.

Jumamosi sitakuja uwanjani. Ni mara ya kwanza tangu nisimamishe milingoti ile, na sitaki kusema uongo, inaniuma. Nitakuwa karakanani, nimegeukia ukuta, na kigoda nimemwagiza Apolonia akifungie ndani. Mwambie Kisiki uwanja ni wake, asimame popote anapotaka na amtazame usoni amtakaye.

Ombi langu limebaki moja tu. Lile rimu la lori mnalogonga kama kengele ya chuo husikika vizuri mpaka hapa kwangu. Mkimaliza bila kufungwa, mwambie mtu aligonge. Mzee Magesa nimemwalika aje anywe chai siku hiyo, na Mama Apolonia ameshachagua kuku. Mkifungwa moja, ligongeni vilevile. Na hata ikiwa ni mawili, Ndugu Mkuu, mimi huku nitakuwa nimegeukia ukuta, nitajuaje?

L. C.