Mashoka Yangu Kumi

Alhamisi, 5 Agosti 1971

Korongo Mbao na Nyota Mbao zimeungana! Abner, karani wa kampuni mpya, alituita ofisini kutuambia. Msitu wa mikaratusi juu ya Kebirigo, mimi nina mkataba wa Korongo wa kuukata. Jirani yangu Obadiah ana wa Nyota. Msitu uleule! Hakuna aliyekwisha kuangusha hata mti mmoja. Abner amesema mkataba utakaobaki ni wa yule atakayekuwa na magogo mengi chini Jumatatu asubuhi. Mke wangu Nyanchera amesema nikishindwa nitarudi kuchuma chai, yeye akinisimamia. Sirudi!

Ijumaa, 6 Agosti

Nimepata! Obadiah ni Msabato. Kesho atashinda kanisani, hatagusa shoka. Mimi Mkatoliki niko huru. Nimeajiri wanaume kumi sokoni Kebirigo. Nimewapapasa mikono mmoja mmoja. Misuli! Kila mmoja nimempa shoka jipya aende nalo nyumbani, mpini umechomwa jina langu. Siku ya kazi sikuitaja, siri isivuje. Wapande tu wakisikia filimbi. Nyanchera aliuliza kama nawajua watu hao. Nikamwambia kontrakta hajui watu, anajua misuli.

Jumamosi, 7 Agosti

Nilipiga filimbi alfajiri. Kimya. Nikapiga mpaka midomo ikavimba. Kimya. Nikakata mti mmoja peke yangu, ukaegemea mwenzake, ukakataa kuanguka. Kutoka bondeni Wasabato wakaanza kuimba, besi nzito kuliko kawaida. Nilishuka nikachungulia dirishani. Wanaume wangu kumi! Wamejipanga safu mbili, Obadiah katikati. Mmoja alinipungia mkono kwa adabu.

Kosa ni lao. Mtu akiajiriwa aseme dini yake.

Jumapili, 8 Agosti

Misa. Padre alihubiri juu ya uvumilivu, kwa muda mrefu sana. Katikati ya mahubiri nikasikia mashoka mlimani. Mti ukaanguka. Mwingine. Niliinuka, Nyanchera akanivuta koti nikakaa.

Baada ya baraka nilipanda mbio. Watu wangu, na mashoka yangu, wakimkatia Obadiah! Walisema filimbi leo hawakuisikia, na Obadiah aliwaomba kwa heshima. Naye akanishukuru kwa mashoka. Nikamwambia shoka langu, gogo langu. Akanipa ndizi mbivu. Nilikataa katakata. Nilikula mbili tu.

Jumatatu, 9 Agosti

Abner amepima. Obadiah, magogo arobaini na matatu. Mimi, moja, tena bado limeegemea. Nikamwonyesha jina langu kwenye mipini yote kumi. Akavua miwani, akaniangalia.

"Bwana Ondieki, kampuni inapima magogo. Haipimi mashoka."

Akagonga muhuri, mkataba wangu umefutwa. Nimeumia, sifichi. Karatasi ile niliitundika ukutani kando ya picha ya harusi, na wageni wote waliisoma kabla ya kupewa chai. Sasa pamebaki msumari. Lakini sikushindwa. Nimeonewa!

Jumatano, 18 Agosti

Naandika kikapu kikiwa mgongoni. Nyanchera amekagua majani yangu, nusu ameyatupa, eti yamekomaa. Acha atupe. Sitakaa hapa sana.

Habari kutoka Marani! Kampuni nyingine mbili za mbao zimeungana. Msitu mmoja, mikataba miwili, magogo yanapimwa Jumatatu. Mwenye mkataba mmoja amechoka, ameniachia karatasi yake. Mwenye ule mwingine anaitwa Ogari, Mkatoliki asiyekosa misa hata akiwa na homa. Basi Jumapili yeye akipiga magoti, mimi naangusha msitu mzima! Padre wetu nitamwambia ninaumwa.

Siku ya kazi sijamtajia mtu. Filimbi ninayo. Obadiah amenirudishia mashoka yote kumi, yamenolewa, na jana niliwagawia wanaume kumi wapya wa Marani. Safari hii hakuna wa kunichezea. Dini niliuliza kwanza, mmoja mmoja, kabla ya misuli. Msabato hakuna hata mmoja. Wote kumi ni Wakatoliki safi.