Chupa Moja kwa Dawa Mbili

Jumatatu, 10 Novemba

Ninaandika shajara hii kwa sababu moja. Jumatatu ijayo Mwalimu Iwakiri atatangaza nani atashika meza ya kuchanganyia dawa za maji msimu huu wa baridi, na iwapo nitanyimwa, pawepo ushahidi wa maandishi kwamba nilistahili.

Mimi ni Kuzumi Tomonari, mfamasia, mwenye umri wa miaka ishirini na minne na shahada ya miaka sita. Wa tisa katika darasa la watu mia moja na kumi. Tangu Aprili ninatumika katika duka la dawa la Iwakiri, mfamasia mkuu ambaye sote tunamwita Mwalimu, hapa Tsuruga, mkabala na zahanati ya watoto ya Daktari Sugaya. Miezi saba! Na hadi leo hakuna chupa iliyotoka mikononi mwangu bila kukaguliwa na mwingine.

Ukaguzi ni sheria, nami naheshimu sheria. Nisichoheshimu ni kwamba mkaguzi ni Mogami Chigusa, aliyenitangulia kazini kwa miaka miwili tu. Leo amenirudishia shira ya kikohozi mara tatu. Kwanza, mililita sitini na mbili badala ya sitini. Mimi husoma kipimo nikiwa nimesimama wima, kama msomi. Yeye huchuchumaa hadi jicho lilingane na mstari, mithili ya mtu anayemchungulia panya uvunguni. Pili, lebo imeinama. Tatu, chupa imejaa hadi shingoni. Nilikuwa nimeichagua ndogo kwa makusudi, kwa kuwa chupa iliyojaa huonesha ukarimu wa duka. Akaishika juu, akaniuliza kwa upole wa kuudhi:

"Bwana Kuzumi, na mama wa watu ataitikisaje hii? Atacheza nayo ngoma?"

Mwalimu alicheka. Maneno ya Mogami nimeyanukuu neno kwa neno.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua ya barafu. Watoto wote wa Tsuruga wanakohoa.

Bi Kitajima amekuja na mapacha wake wa miaka mitatu. Kila pacha ameandikiwa dawa mbili: shira ya kulainisha makohozi na unga wa kuua vijidudu, ule wenye harufu ya stroberi. Nilimweleza matumizi kwa lugha fasaha. Alinisikiliza akiwa amemshika pacha mmoja kwa kofia na mwingine kwa mguu, kisha akasema:

"Mwanangu, wewe hujazaa, sikulaumu. Dawa mbili, watoto wawili, mara mbili kwa siku. Hiyo ni mieleka minane. Hamwezi kuzitia zote chupa moja?"

Mogami alimjibu kwamba haiwezekani. Haiwezekani! Neno la watu wasio na maono. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona njia yangu ya kwenda kwenye meza ile.

Jumatano, 12 Novemba

Jaribio la siri wakati wa mapumziko ya mchana. Shira kidogo, unga kidogo, nikakoroga, nikaonja hapo hapo. Utamu mtupu! Stroberi kutoka ncha ya ulimi hadi kooni. Sikuona haja ya kuonja mara ya pili. Ulimi wa kisomi hauhitaji kurudiarudia.

Mogami alinikuta nikiosha kijiko, akauliza nilikuwa nakula nini. Nilimwambia mtindi. Alitazama kijiko, akanitazama mimi, akaenda zake. Wivu una macho.

Ijumaa, 14 Novemba

Duka letu lina desturi yake. Kila Jumamosi, tukishafunga saa saba mchana, wafanyakazi husimama kuizunguka meza na kuonja kila kilichochanganywa wiki hiyo. Mwalimu husema asiyethubutu kuonja asimpe mtoto wa mwenzake. Hilo ndilo jukwaa langu.

Niliona haitoshi kuonjwa na watu wa nyumbani. Nilivuka barabara na boksi la biskuti za mchele kumwalika Daktari Sugaya. Msichana wa mapokezi alinikalisha dakika arobaini kati ya watoto wenye mafua, na mmoja alinipigia chafya ndani ya mkono wa koti. Hata hivyo daktari amekubali, maadamu, alisema, shughuli haitamchelewesha chakula chake cha mchana.

Nimeandaa hotuba. Sehemu nne na hitimisho.

Jumamosi, 15 Novemba

Sina nguvu ya kuandika. Nitaandika, kwa sababu haki yangu imekanyagwa.

Nilichanganya saa tatu asubuhi, kusudi nisifanye kazi kwa haraka. Mililita sitini kamili. Nilichuchumaa, naam, nilichuchumaa! Nikaacha hata nafasi ya kutikisia. Chupa ikakaa ndani ya jokofu kwa saa nne na zaidi, imetulia kama bibi harusi.

Saa saba na nusu nilianza hotuba. Katika sehemu ya tatu daktari alitazama saa yake, basi nikaruka hitimisho na kugawa vijiko. Kwa heshima, mgeni kwanza. Kisha Mwalimu. Kisha Mogami. Kisha mimi.

Uso wa Daktari Sugaya ulijikunja polepole kutoka kidevuni kwenda juu, hadi miwani ikapanda. Mogami alikimbilia sinki. Mwalimu, mwenye miaka sitini na moja, alimeza bila kutikisika, akanywa vikombe viwili vya chai, akafunga macho. Nami nilipofikisha kijiko mdomoni nilipata shubiri! Nyongo! Uchungu uliopanda hadi masikioni!

"Kijana," alisema daktari alipoweza, "miaka ishirini nashangaa kwa nini watoto wa mji huu wakiniona wanalia. Kumbe."

Mwalimu alieleza kwa sauti ya chini, jambo ambalo ni baya kuliko kufokewa.

"Kila chembe ya unga huu imevalishwa koti, Kuzumi, ili uchungu usionekane. Kitu chenye uchachu kinalivua koti. Na hii shira yetu ina uchachu. Ukichanganya na kumpa mtoto papo hapo, hatajua. Ukiiacha ikae, kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa chungu. Sasa fikiria kama Bi Kitajima angeibeba hii nyumbani, watoto wakaitema siku tano. Kikohozi kingebaki, dawa ingemwagwa, na sisi angetuamini tena?"

Nilisema hilo hatukufundishwa. Mogami, akiwa bado anapangusa ulimi kwa kitambaa, alisema kwamba amesoma chuo kile kile, kwa profesa yule yule, na lilifundishwa mwaka wa nne, siku za Alhamisi. Nikakumbuka. Alhamisi za mwaka wa nne nilikuwa nikifanya mazoezi ya hotuba ya shukrani ya mahafali. Hilo ni suala la ratiba, si la elimu.

Jumatatu, 17 Novemba

Imetangazwa kwenye mkutano wa asubuhi. Meza ya dawa za maji amepewa Mogami. Nilipiga makofi matatu, wala sikuzidisha.

Mimi nimepewa kuosha chupa na kubandika lebo. Juu ya hayo, kila asubuhi nitapima maji mbele ya Mogami, mililita sitini, mpaka aridhike. Maji! Mtu wa tisa kati ya mia moja na kumi! Leo amenirudisha mara tano. Mara ya tano alisema, "Tunakaribia, bwana," kwa sauti ambayo watu humsemezea mzee anayepanda ngazi.

Saa kumi Bi Kitajima alipita kushukuru. Mogami alikuwa amemshauri autie unga kwenye aiskrimu ya chokoleti dakika ile ile ya kuwapa, na mapacha sasa wanaidai dawa kwa kelele. Aiskrimu! Hakuna hata jedwali moja la takwimu.

Wakati wa kufunga, Mwalimu aliniita pembeni. Alisema nifike ofisini kwake Alhamisi kabla hatujafungua duka, tuzungumze kama nina moyo wa kubaki katika kazi hii, na nije na daftari zangu za mwaka wa nne. Ni dhahiri anataka kujifunza kutoka kwangu, ila anaona haya kulisema. Daftari hizo ni tupu. Kwa hiyo nitampelekea kitu bora zaidi.

Kosa nimekwisha kuligundua: ladha ya stroberi ni dhaifu. Uchungu hushindwa na ladha yenye nguvu. Mama amenitumia kreti la machungwa kutoka nyumbani Wakayama, ya mwanzo wa msimu, machachu hadi jicho linajifumba lenyewe. Nitayakamua yote. Nitachanganya Jumatano mara baada ya kazi, ili ladha zipate usiku mzima wa kuingiliana. Nimempelekea Daktari Sugaya mwaliko. Msichana wa mapokezi amejibu kwamba daktari anaumwa jino, tena atakuwa anaumwa siku hiyo pia. Tutamwekea kijiko chake.

Miadi ni Alhamisi, tarehe 20 Novemba, saa mbili kamili asubuhi, ofisini kwa Mwalimu.