Joya la Kuotesha Mishipa

Jumatatu, 2 Februari 1998
Balaa! Mshipa mmoja wa moyo wangu umeziba. Daktari Awino kasema mwili wenyewe huweza kuotesha vijishipa vya kuzunguka palipoziba. Ng'ambo wanajaribu kudunga protini ya kuvikuza, hapa haijafika. Nitembee kila siku, nimeze vidonge. Aprili atanipima juu ya mashine ya kutembea. Nikishindwa, Nairobi, nikapasuliwe kifua. Mimi! Ninayefumba macho hata nikinyolewa.

Jumatano, 4 Februari
Nimepata! Joya. Nazi ikichipua, ndani humea lile donge laini, tamu, likajaza kifuu chote bila msaada wa mtu. Kama hiyo si dawa ya kukuza, ni nini? Dama, mke wangu, kasema dawa yangu ni viatu. Kapiga marufuku nazi nyumbani.

Jumanne, 24 Februari
Joya haliuzwi dukani. Asubuhi sokoni Marikiti, jioni mtaa wa Kizingo, kuwabembeleza watunza bustani waniuzie nazi walizoweka za kupanda. Teksi haikubali kusimama kila mnazi, basi ni kwa miguu, kwenda na kurudi nyumbani Mji wa Kale. Leo mbwa kanifukuza mitaa mitatu. Nachoka mno, sipati hata nafasi ya yale matembezi ya daktari.

Jumamosi, 14 Machi
Jirani yangu Chirau, naye mgonjwa wa Daktari Awino, kagundua siri yangu. Mwizi! Analetewa joya kwa mkokoteni hadi mlangoni. Yuko barazani, miguu juu ya kigoda, anatafuna. Kaniuliza kwa nini najisumbua. Chakula kimenishinda kwa wivu.

Ijumaa, 3 Aprili
Nimefaulu! Daktari kasema damu inafika moyoni vizuri zaidi, huenda vijishipa vimeanza kazi. Niendelee vivyo hivyo. Nimelia mbele ya muuguzi, wala sioni haya.
Chirau kashindwa. Jumapili anapanda treni kwenda kupasuliwa. Kanipa mkono, baridi kabisa. Nimemhurumia kwa dhati. Lakini joya ni lile lile! Nimewaza njia nzima hadi nikajua kosa lake: alitafuna upesi mno.

Jumamosi, 4 Aprili
Nitaendelea vivyo hivyo, kama alivyoagiza daktari. Mkokoteni wa Chirau sasa hauna kazi, nimeukodi mimi. Kigoda pia kaniazima. Dama kaniwekea viatu mlangoni.
Viatu nimempa Chirau akavae Nairobi. Mimi sina safari.